Mafunzo Tarajali ya Utetezi Washington: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Kiyahudi wa Chuo Kikuu

Kila ifikapo Novemba, maswali yale yale kuhusu mafunzo tarajali ya kiangazi ya Washington, yaani kazi ya muda ya kujifunza jinsi sera zinavyotetewa mbele ya Bunge, huanza kunifikia kutoka kwa vijana wa Kiyahudi wanaosoma vyuo vya Marekani, na wakati mwingine kutoka kwa wazazi wao. Nianzie wapi? Niombe lini? Nitalipwa? Nitaweza kuishika Sabato? Baadhi ya wanaouliza wamekulia Nairobi au wametoka katika jamii ya Abayudaya ya Mbale, Uganda, na hao ndio walionisukuma niyaandike majibu haya kwa Kiswahili, ili mzazi aliyeko nyumbani naye ajue mtoto wake anaomba kitu gani.

Kazi yenyewe huchukua wiki nane hadi kumi, kuanzia mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Mwanafunzi huketi ama katika ofisi ya mbunge au seneta, ama katika ofisi ya Washington ya shirika la Kiyahudi linalozungumza na Serikali kwa niaba ya watu wake. Mwezi Agosti wabunge huwa wamerudi majimboni, kwa hiyo programu nyingi hufungwa kabla ya hapo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Wasifu wa ukurasa mmoja, usiozidi hata mstari.
- Walimu au wasimamizi wawili waliokubali kwa kinywa chao kuwa wadhamini wako. Usimwandike mtu ambaye hujamwomba.
- Sampuli ya maandishi yako ya kurasa mbili au tatu.
- Nakala ya matokeo yako ya chuo.
- Majina ya mbunge wako na maseneta wako wawili, pamoja na namba ya jimbo lako la uchaguzi.
- Kalenda mbili zilizowekwa sambamba: ya chuo chako na ya Kiyahudi.
- Hesabu ya kweli ya fedha ulizonazo kwa miezi miwili.
- Ikiwa wewe si raia wa Marekani, hati zako za viza na miadi na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako.

Hatua ya 1: Amua utakaa upande gani wa meza

Katika utetezi wa sera kuna anayeomba na anayeombwa. Ukikaa katika ofisi ya mbunge, wewe uko upande wa anayeombwa: utapokea simu, utasajili maoni ya wananchi, utawatembeza wageni ndani ya jengo la Bunge, utahudhuria vikao vya kamati na kumwandikia muhtasari mtumishi aliyekosa nafasi ya kwenda. Ukikaa katika shirika, uko upande wa anayeomba: utafuatilia miswada, utaandaa makabrasha ya siku ambayo wanachama wanakuja kuonana na wabunge wao, na utamsindikiza mkubwa wako mikutanoni huku ukiandika nani aliahidi nini.

Ipo pia njia ya tatu, ambapo shirika la Kiyahudi humweka mwanafunzi katika ofisi nyingine, kisha likampa masomo, wenzake wa kusoma nao na mahali pa kusali. Religious Action Center, ambayo ni ofisi ya utetezi ya Wayahudi wa mkondo wa Reform, yaani mkondo wa kimageuzi, imeendesha kwa miaka mingi programu ya kiangazi iitwayo Machon Kaplan. *Machon* ni neno la Kiebrania lenye maana ya taasisi, na Kaplan ni Kivie Kaplan, mfanyabiashara wa Boston aliyekuwa rais wa NAACP, shirika la kutetea haki za Wamarekani Weusi, tangu 1966 hadi alipofariki 1975. Orthodox Union, kupitia kituo chake cha utetezi cha Washington, nayo huwaweka wanafunzi wa Kiyahudi wa mkondo wa Kiothodoksi, yaani wanaoshika sheria za dini kwa ukamilifu, katika ofisi za Bunge na za Serikali. Kwa anayeanza, hii ya tatu ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu mwanafunzi mgeni katika mji ule huhitaji watu wa kula nao Ijumaa usiku kama anavyohitaji kazi yenyewe.

Onyo moja linafuatana na njia hiyo. Ukiwekwa na shirika katika ofisi ya mbunge, saa za kazi ni za mbunge na wananchi wake. Usipeleke nyaraka za ndani kwa shirika lililokuleta, wala usitumie kiti hicho kulisukumia shirika ajenda yake. Zipo kanuni za maadili za Bunge kuhusu jambo hilo, na anayezivunja hufukuzwa.

Hatua ya 2: Chagua jambo kwanza, shirika baadaye

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndipo ninapokuomba utumie muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika mwongozo huu. Mwanafunzi husikia jina kubwa, huona kwamba ni la Kiyahudi, akaomba. Wiki ya tatu anajikuta akiandika barua inayotetea jambo asiloliamini, na hajui aseme nini nyumbani.

Mashirika ya Kiyahudi ya Washington hayasemi kwa sauti moja. Chukua suala la vocha za ada, yaani fedha za umma zinazomfuata mtoto hadi shule binafsi, zikiwamo za dini. Orthodox Union na Agudath Israel of America wanaziunga mkono, kwa kuwa wazazi wao hulipa ada kubwa za shule za Kiyahudi. Religious Action Center inazipinga kwa hoja ya kutenganisha dini na dola. Watu hawa wanasoma Torati ile ile, na wanaweza kuketi katika chumba kimoja cha kamati wakitoa ushahidi unaopingana. Kuhusu Israeli vilevile: AIPAC, shirika la kushawishi Bunge, hujenga uungaji mkono wa vyama vyote viwili vya Bunge kwa uhusiano wa Marekani na Israeli, ilhali J Street, iliyoanza kazi mwaka 2008, hujitambulisha kuwa ni ya wanaoitetea Israeli na kutetea amani, na husukuma suluhisho la mataifa mawili. Usiombe sehemu zote mbili kwa barua ile ile.

Yako pia mashirika yenye uwanja mpana zaidi. American Jewish Committee lilianzishwa 1906 na hushughulika sana na mabalozi na serikali za kigeni. Anti-Defamation League, la 1913, linapambana na chuki dhidi ya Wayahudi na ubaguzi mwingine. National Council of Jewish Women lilianzia Chicago mwaka 1893 na limejikita katika haki za wanawake, watoto na familia. Jewish Federations of North America hufuatilia fedha za huduma za jamii, kwa mfano za wazee na za usalama wa majengo.

Ili uamue, andika sentensi tatu kwa kalamu, kila moja ikianza na maneno haya: "Ninataka Bunge la Marekani lifanye..." Ukishindwa kuzimalizia, hujawa tayari kuomba, rudi usome kwanza. Ukizimaliza, fungua tovuti za mashirika na usome ukurasa wa misimamo yao, si ukurasa wa ajira. Mahali ambapo sentensi zako mbili kati ya tatu zinakubaliwa, hapo omba.

Nina sababu ya kusisitiza. Katika jengo la Religious Action Center, Massachusetts Avenue namba 2027, ndimo viongozi wa Leadership Conference on Civil Rights, muungano wa mashirika ya haki za kiraia, walimokuwa wakikutana, na sehemu za Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 ziliandikiwa rasimu katika chumba chake cha mikutano. Miaka arobaini baadaye, American Jewish World Service na Jumba la Makumbusho la Holokosti la Marekani ndio waliokuwa mbele kuunda muungano wa kuiokoa Darfur, eneo la magharibi mwa Sudan lililokumbwa na mauaji ya halaiki, na tarehe 30 Aprili 2006 maelfu ya watu, Wayahudi wengi wakiwa miongoni mwao, walikusanyika Washington kudai hatua zichukuliwe. Sisi tuliotoka upande ule wa dunia tunajua Darfur iko umbali gani kutoka nyumbani. Watu waliofanya kazi hizo walijua wanatetea nini na kwa nini.

Hatua ya 3: Panga tarehe

Novemba tengeneza orodha ya sehemu sita hadi kumi. Desemba, kabla walimu hawajaondoka likizo, waombe wadhamini wako na uwape wasifu wako. Maombi mengi ya kiangazi hufungwa kati ya Januari na Machi, lakini baadhi ya idara za Serikali Kuu hufunga mapema zaidi, hata kabla ya mwaka kuisha. Hakiki tarehe kwenye tovuti ya shirika lenyewe kila mwaka, kwa sababu programu hubadilika.

Usitume maombi ya Bunge kwa posta. Tangu barua zenye kimeta za mwaka 2001, barua zote za Bunge hupitia uchunguzi maalumu nje ya majengo, na huchelewa. Tuma kwa fomu ya mtandaoni au barua pepe kama walivyoelekeza.

Hatua ya 4: Andika wasifu na barua ya maombi

Katika wasifu, taja kazi kwa kitendo na idadi. "Nilikuwa mwanachama wa Hillel", yaani jumuiya ya wanafunzi wa Kiyahudi chuoni, haimwambii msomaji chochote. "Niliandaa mlo wa Sabato kwa wanafunzi arobaini kila mwezi na kusimamia bajeti yake" humwambia kwamba unaweza kuaminiwa na fedha, watu na saa. Kiswahili chako kiandike juu, pamoja na Kiebrania kama unacho. Ofisi zinazoshughulika na Afrika au wakimbizi huitazama sehemu hiyo.

Barua iwe na aya tatu. Ya kwanza itaje jambo unalotaka kulifanyia kazi na msimamo mmoja wa shirika au wa mbunge kuhusu jambo hilo. Ya pili ieleze tukio moja ambapo ulifanya kitu. Ya tatu itaje tarehe utakazokuwapo. Kwa ofisi ya mbunge wa kwenu, sema katika sentensi ya kwanza kwamba wewe ni mwananchi wa jimbo lake, kwa sababu ofisi nyingi huwapa nafasi watu wa kwao kwanza. Hakikisha jina la shirika ni sahihi. Nimesoma barua nzuri kabisa, yenye fikra na lugha safi, iliyotumwa kwa shirika moja huku aya ya mwisho ikilisifu jingine.

Hatua ya 5: Jifunze kuandika ukurasa mmoja

Sampuli ya maandishi inayofaa si insha ya darasani yenye tanbihi ishirini. Ni karatasi ya ukurasa mmoja ambayo mtumishi wa mbunge anaweza kuisoma akiwa anatembea kuelekea kwenye lifti. Jizoeze kwa jambo halisi. Mfano mzuri ni Nonprofit Security Grant Program, mpango wa ruzuku unaosimamiwa na FEMA, idara ya Serikali Kuu ya kushughulikia maafa, ambao husaidia taasisi zisizo za kibiashara zilizo hatarini kushambuliwa, yaani masinagogi, misikiti, makanisa na shule, kupata kamera, milango imara na walinzi.

Sentensi ya kwanza iwe ombi lenyewe: "Tunamwomba Mheshimiwa aunge mkono kuongezwa kwa fedha za mpango huu katika bajeti ya mwaka ujao." Aya inayofuata ieleze tatizo kwa mfano wa jimbo lake, si wa nchi nzima, sinagogi moja lililoko umbali wa dakika kumi kutoka ofisi yake lina uzito kuliko takwimu za taifa. Kisha eleza mpango unavyofanya kazi kwa sentensi mbili. Kisha taja hoja ya wanaopinga na uijibu kwa heshima. Mwisho taja muswada kwa namba yake: miswada ya Baraza la Wawakilishi huanza na herufi H.R. na ya Seneti huanza na S., na yote hupatikana katika tovuti ya Congress.gov.

Kosa la kawaida hapa ni kuanza na historia. Anayeanza na karne ya kumi na tisa hufika kwenye ombi lake msomaji akiwa ameshafika kwenye lifti.

Hatua ya 6: Usaili

Usaili mwingi hufanyika kwa simu au kwa video na huchukua dakika ishirini hadi thelathini. Maswali matatu hayakosekani: kwa nini hapa, ni sera gani unayoifuatilia, na utafanyaje mwananchi akikupigia simu kwa hasira. Kwa la tatu, jibu linalotakiwa ni fupi: utamsikiliza hadi mwisho, hutabishana naye, utaandika maoni yake, utamshukuru. Wengi huanguka kwa kuonyesha jinsi wangemshinda kwa hoja.

Soma habari za wiki hiyo asubuhi ya usaili. Uwe na swali moja la kuuliza, la kazi, si la posho. Jioni hiyo hiyo tuma shukrani za mistari mitatu kwa barua pepe.

Hatua ya 7: Zungumza kuhusu Sabato, chakula na mifungo

Lizungumze jambo hili baada ya kupewa nafasi na kabla ya kuikubali kwa maandishi. Kwa bahati nzuri kiangazi kinakusaidia: mwezi Juni jua la Washington huzama karibu saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo Ijumaa yako ya kazi haiguswi. Kinachoguswa ni tafrija za Ijumaa usiku, shughuli za Jumamosi, na ujumbe wa simu usiojibiwa hadi Jumamosi saa tatu na nusu usiku au zaidi. Sema hivi kwa upole: "Kuanzia machweo ya Ijumaa hadi usiku wa Jumamosi sitapatikana kwa simu wala barua pepe, Jumamosi usiku nitasoma kila kitu." Msimamizi akielezwa mapema hupanga; asipoelezwa, hudhani umempuuza.

Angalia pia mifungo miwili inayoangukia kiangazi, wa tarehe 17 ya mwezi wa Kiyahudi wa Tamuzi na wa Tisha B'Av, siku ya kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu. Huu wa pili ni wa takriban saa ishirini na tano bila chakula wala maji, katika joto la Julai au Agosti. Omba siku hiyo uwe ofisini, usipangiwe kuzungusha wageni juani. Sikukuu ya Shavuot, ambayo nayo haina kazi, huweza kuangukia wiki yako ya kwanza kazini, ikague mapema.

Kuhusu chakula cha kosha, yaani kinachoruhusiwa na sheria ya Kiyahudi, usitegemee mikahawa ya Bunge. Pika, beba, na ulizia jokofu la ofisi. Sinagogi utalipata kwa mkondo wowote: Kesher Israel huko Georgetown kwa Waothodoksi, Adas Israel huko Cleveland Park kwa Wakonsavativu, mkondo wa katikati, na Sixth & I katikati ya mji, katika jengo la 1908, ambako vijana wengi hukutana.

Hatua ya 8: Fedha, makazi na viza

Tangu mwaka wa fedha 2019 Bunge hutenga fungu la kuwalipa wanafunzi tarajali, lakini fungu hilo halitoshi kila mtu, na mashirika hutofautiana sana. Uliza kwa barua pepe, wazi, ukishapewa nafasi. Vyuo vingi vina ruzuku za kiangazi kwa wasiolipwa. Ziombe Februari, usisubiri Mei. Vyuo vikuu vya mji ule, kama George Washington na American University, hukodisha mabweni kiangazi. Tafuta panapofikika kwa treni ya Metro, njia Nyekundu ikiwezekana, kwa kuwa inapita Dupont Circle na Union Station.

Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 asianze kazi ya nje ya chuo bila idhini. Utaratibu unaotumika zaidi ni CPT, yaani idhini ya mafunzo ya vitendo yaliyo sehemu ya masomo. Kwa kawaida hudai uwe umemaliza mwaka mmoja wa masomo, mafunzo yahusiane na fani yako, na idhini iandikwe kwenye fomu yako ya I-20 kabla ya siku ya kwanza. Sheria huzuia ofisi za Bunge kuwalipa wasio raia isipokuwa makundi machache, na White House hupokea raia peke yao. Kwa hiyo, kwa asiye raia, mashirika ndiyo mlango ulio wazi zaidi.

Hatua ya 9: Wiki ya kwanza

Fika kabla ya wakati, ukiwa na suti, daftari na viatu vya kutembea. Utapewa simu kabla ya kupewa sera. Simu ikilia, taja jina la ofisi, sikiliza, kisha andika vitu vitano: jina, mji, msimbo wa posta, jambo au namba ya muswada, na kama anaunga mkono au anapinga. Msomee alichosema kwa maneno yake mwenyewe. Utasikia sauti yake ikishuka, kwa sababu amehakikisha kwamba ameandikwa. Usitoe msimamo wa mbunge isipokuwa ule ulioandikwa kwenye karatasi uliyopewa, na usiandike lolote la ofisini kwenye mitandao ya kijamii.

Matatizo na jinsi ya kuyatatua

*Sijajibiwa kwa wiki tano.* Tuma barua pepe moja fupi ukitaja tarehe uliyoomba. Wakikaa kimya wiki mbili zaidi, omba ofisi ya mbunge iliyoko jimboni kwenu. Huko kazi ni ya kuwasaidia wananchi na pensheni, viza na mafao ya wanajeshi wastaafu, na ushindani ni mdogo.

*Nimepewa kuandika jambo nisilokubaliana nalo.* Kama ni tofauti ndogo ya mkakati, andika. Sauti ni ya shirika. Kama linagusa dhamiri yako, mwambie msimamizi faraghani siku hiyo hiyo na uombe faili jingine. Usiliharibu kimyakimya.

*Ninafanya kazi ya simu tu.* Mwishoni mwa wiki ya pili nenda kwa mtumishi mmoja wa sera na ombi dogo lenye mwisho: "Naomba nihudhurie kikao cha Jumatano na nikuletee ukurasa mmoja kabla ya saa kumi jioni." Ukiuleta kwa wakati, utapewa wa pili.

*Mpiga simu amewatukana Wayahudi, nami ndiye niliyepokea.* Huna wajibu wa kuvumilia. Sema, "Nimeandika maoni yako, kwaheri," ukate, kisha mwambie msimamizi mara moja. Akiwa ametoa tishio, andika maneno yake halisi, saa na namba iliyoonekana, kwa sababu vitisho hupelekwa kwa Polisi wa Bunge. Baada ya hapo toka nje, tembea robo saa, na mpigie mtu wa kwenu. Asiyefanya hivyo hurudi kwenye simu inayofuata akiwa bado anatetemeka.

*Wamenipangia Jumamosi ingawa nilisema.* Rudi na barua pepe yenye makubaliano, na upendekeze zamu ya Jumapili mahali pake. Kama hukuwaandikia mwanzoni, waandikie leo.